Jibu la Ndiyo na Jibu la Hapana

Ukikaa na watu wazima wa vijiji vya kando ya Ziwa Viktoria, hukosi kumpata mmoja au wawili waliowahi kutolewa damu na "watu wa utafiti". Walikuja na gari, wakaweka meza chini ya mwembe au katika darasa la shule, wakauliza maswali mengi ambayo mengine hayaulizwi mbele ya mkwe, wakachoma sindano, wakaondoka. Ukiwauliza wazee hao damu yao ilikwenda wapi, wengi hucheka. Wapo wanaosema iliuzwa Ulaya. Wapo wanaosema ilikwenda kuwapatia wageni shahada za udaktari. Na wapo, nao si wachache, wanaosema tu kwamba wao hawakuletewa jibu.

Swali hilo nimelisikia kwa miaka mingi, wala sioni kwamba ni swali la kijinga. Mtu aliyetoa kitu chake ana haki ya kujua kilifanya kazi gani. Mimi si tabibu. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na miaka ya mwisho ya kazi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Hata hivyo, utafiti wa UKIMWI uliofanywa Mwanza uliingia hadi ndani ya madarasa yetu, ukatugusa sisi walimu mahali panapouma. Kwa sababu hiyo nimeona nieleze, kwa lugha ya kawaida, damu ile iliuliza maswali gani na ikajibiwa nini.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Walikuwa watatu. Wakati ule watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo "Juliana", jina la nguo za fahari zilizokuwa zikiletwa kwa magendo kutoka Uganda, kwa kuwa waliotangulia kuugua walikuwa wafanyabiashara wa mpakani na wale waliokuwa karibu nao. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imekwisha kutoa taarifa za wagonjwa. Hapakuwa na dawa. Hospitali ziliwapokea watu ili wafie kitandani badala ya kufia mkekani, na huko vijijini mashamba yalianza kukosa wenyewe.

Mwanza ilikuwa na bahati moja katika msiba huo. Mjini palikuwa na kituo cha utafiti cha siku nyingi, kilichoanzia enzi za ukoloni kikichunguza magonjwa kama matende na kichocho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vituo vilivyokuwa katika ardhi yake. Mwaka 1979 Bunge letu lilipitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, inayojulikana kwa kifupi NIMR, na kituo cha Mwanza kikawa mojawapo ya vituo vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kituo hicho kilishirikiana na AMREF, shirika ambalo wengi wa rika langu tunalikumbuka kwa madaktari wake wa ndege, pamoja na Chuo cha Afya na Tiba za Nchi za Joto cha London. Kwa pamoja wakauliza swali moja ambalo dunia nzima ilikuwa ikilizungukazunguka bila kulijibu.

Swali lilikuwa hili: je, kuyatibu vizuri magonjwa mengine ya zinaa kunaweza kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI?

Madaktari walikuwa wamekwisha kuona kwamba mtu mwenye kisonono, kaswende au pangusa huambukizwa UKIMWI kwa urahisi zaidi kuliko asiye na magonjwa hayo. Sababu zake si ngumu kuelewa. Kidonda ni mlango uliofunguliwa katika ngozi. Mahali penye uvimbe na usaha, mwili hukusanya chembe nyeupe za damu ili kupambana na wadudu, na chembe hizo ndizo ambazo virusi vya UKIMWI huzishambulia. Kwa upande wa pili, mtu mwenye virusi akiwa pia na kisonono, virusi huongezeka katika majimaji yake ya uzazi, na hivyo yeye mwenyewe huwa mwepesi wa kuwaambukiza wengine.

Lakini hapo palikuwa na mtego. Mwenye wapenzi wengi ndiye apataye kisonono, na huyo huyo ndiye apataye UKIMWI. Utajuaje kama kisonono kilifungua mlango, au kama magonjwa yote mawili yaliingia kwa njia moja? Kwa kutazama tu huwezi kujua. Hapana budi ufanye jaribio, na jaribio lenyewe liwe la haki.

Jaribio la Mwanza lilipangwa hivi. Zilichaguliwa jamii 12, kila moja ikiwa ni eneo linalohudumiwa na kituo cha afya pamoja na zahanati zinazokizunguka. Jamii hizo zilipangwa mbilimbili kwa kufanana: za visiwani kwa za visiwani, za ufukweni kwa za ufukweni, za kando ya barabara kuu kwa za kando ya barabara kuu, na za mashambani kwa za mashambani. Kisha katika kila jozi ikapigwa kura. Jamii moja ikapata huduma mpya, na ya pili ikaendelea na huduma za kawaida za serikali mpaka muda wa jaribio uishe, nayo ipate.

Huduma yenyewe haikuwa ya ajabu, na jambo hilo hunifurahisha kila nikilifikiria. Haikuletwa mashine wala hospitali mpya. Watumishi wa zahanati zilizopo walipewa mafunzo ya kutibu kwa kufuata dalili. Mgonjwa akija na kidonda, apewe dawa za magonjwa yote yaletayo kidonda cha aina ile mahali pale. Akija akitokwa na usaha, vivyo hivyo, bila kusubiri maabara ambayo haipo. Dawa za kutosha zilipelekwa ili zisiishe katikati ya mwezi. Wasimamizi waliwatembelea watumishi mara kwa mara, na wananchi wakaelezwa kwamba magonjwa hayo yanatibika na waje mapema bila haya. Wahenga walikwisha kusema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hata asiyeficha hafaidiki kama akifika zahanati anaambiwa dawa zimekwisha.

Katika kila jamii walichaguliwa kwa bahati nasibu watu wapatao 1,000 wenye umri wa miaka 15 hadi 54. Wote pamoja walikuwa 12,537. Walipimwa damu mwanzoni, na baada ya miaka 2 wakatafutwa tena. Walioonekana mara ya pili walikuwa 8,845. Hao ndio waliokaa chini ya mwembe.

Matokeo yalichapishwa mwezi Agosti 1995 katika gazeti la kitabibu la Lancet, na majina ya Heiner Grosskurth na Frank Mosha yakiwa mbele ya orodha ndefu ya watafiti wa Kitanzania na wa kigeni. Katika jamii zilizopata huduma mpya, watu 4,149 walikuwa hawana virusi mwanzoni. Baada ya miaka 2 waliokuwa wameambukizwa ni 48. Katika jamii za kulinganishwa, kati ya watu 4,400 waliambukizwa 82. Kwa asilimia ni 1.2 dhidi ya 1.9. Baada ya kuzingatia tofauti ndogondogo zilizokuwapo tangu mwanzo, watafiti walikadiria kwamba maambukizi mapya yalipungua kwa asilimia zipatazo 40.

Hapo nataka msomaji asimame kidogo. Lilikuwa jaribio la kwanza la aina hiyo lililoonyesha kwamba huduma ya afya inaweza kupunguza maambukizi mapya ya UKIMWI katika jamii nzima. Halikufanyika Paris wala Atlanta. Lilifanyika katika zahanati za kawaida za mkoa wa Mwanza, kwa mikono ya waganga na wauguzi wenye mishahara ya kawaida. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo wahubiri wetu, nami nikiwamo katika wahubiri wa darasani, hatukulitazamia. Watafiti walipouliza habari za mwenendo wa watu, hawakuona kwamba ulibadilika upande wowote. Waliookolewa hawakuokolewa kwa kuwa walikuwa wema kuliko wenzao wa upande wa pili. Waliokolewa kwa sababu zahanati yao ilikuwa na dawa na mtu anayejua kuitoa.

Wachumi walipiga hesabu wakaona kwamba kumtibu mgonjwa mmoja wa zinaa kuligharimu kama dola 10 za Marekani, na kuzuia ambukizo moja la UKIMWI kuligharimu kama dola 218. Kwa serikali maskini hesabu hiyo ilikuwa na maana kubwa. Kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili kukapata nguvu katika miongozo ya nchi nyingi, na Shirika la Afya Duniani likalishika jambo hilo kama silaha mojawapo ya kupambana na UKIMWI. Ukienda leo katika zahanati ukatibiwa siku hiyo hiyo badala ya kuambiwa urudi wiki ijayo kuchukua majibu, ujue kwamba damu ya watu wa Mwanza ina sehemu katika uamuzi huo.

Watafiti hao hao walifuatilia pia vifo, wakaona jambo la kutisha. Katika vijiji hivyo watu wazima wenye virusi walikuwa kama 4 tu katika kila 100, lakini kama theluthi moja ya vifo vya watu wazima vilitokana na virusi hivyo. Takwimu za namna hiyo ndizo zilizowanyima wakubwa nafasi ya kusema kwamba UKIMWI ni tatizo la mijini. Rais Benjamin Mkapa aliutangaza kuwa janga la taifa mwishoni mwa mwaka 1999.

Kama hadithi ingekomea hapo, ingekuwa tamu na fupi. Lakini sayansi ya kweli ina tabia ya kurudi nyuma kumuuliza aliyefaulu kama amefaulu kweli. Ng'ambo ya ziwa, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watafiti wengine walikuwa wameanza jaribio lao tangu mwaka 1994. Wao hawakungoja mgonjwa aende zahanati. Walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 wakiwapa watu wazima wote dawa za magonjwa ya zinaa, awe mtu ana dalili au hana. Matokeo yao yalitoka mwaka 1999. Baadhi ya magonjwa ya zinaa yalipungua, lakini maambukizi mapya ya UKIMWI yalikuwa sawasawa pande zote mbili: 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka.

Palitokea mabishano makubwa. Kwa mtu wa kawaida ilionekana kama mmoja kati ya hao wawili amesema uongo. Haikuwa hivyo. Rakai ilikuwa na walioambukizwa wengi zaidi, kama asilimia 16 ya watu wazima, na janga lilikuwa limekwisha kuingia ndani ya ndoa, ambako mume na mke huambukizana bila kisonono wala kidonda. Vidonda vingi vya Rakai vilitokana na virusi vya malengelenge ya sehemu za siri, ambavyo dawa zile hazivigusi. Tena, dawa ya kila baada ya miezi 10 si sawa na zahanati iliyo wazi kila siku kwa anayeumwa. Hivyo jibu la Mwanza na jibu la Rakai, yakiwekwa pamoja, yalisema jambo moja lenye maana zaidi kuliko kila moja peke yake: kutibu magonjwa ya zinaa kunazuia UKIMWI pale ambapo janga bado ni changa na magonjwa hayo ni mengi, na nguvu yake hupungua janga linapokomaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanza waliuwahi ufa.

Sasa nafika mahali panapotuhusu sisi walimu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kituo cha Mwanza na washirika wake walianzisha mradi ulioitwa Mema kwa Vijana. Safari hii jamii zilikuwa 20 za vijijini, 10 zikipata huduma na 10 za kulinganisha. Mwaka 1998 waliandikishwa vijana 9,645. Katika shule za msingi za jamii zilizochaguliwa, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa na walimu wao waliopewa mafunzo maalumu, wakisaidiwa na wenzao walioitwa waelimishaji rika. Palikuwa na michezo ya kuigiza, maswali na majibu, na kitabu cha mwalimu kilichoandikwa kwa Kiswahili safi. Watumishi wa zahanati nao walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Kuwaonyesha watoto wa shule ya msingi jinsi ya kutumia kondomu hakukuruhusiwa, na kila aliyekuwa katika kazi ya elimu wakati ule anajua kwa nini.

Sisi wa vyuo vya ualimu tuliusikia mradi huo kwa matumaini makubwa. Ulikuwa umesimama juu ya imani yetu ya msingi kabisa, kwamba mtu akijua, atajiokoa. Imani hiyo ndiyo inayomwamsha mwalimu asubuhi. Bila hiyo, chaki ni vumbi tu.

Mwaka 2001 na 2002 vijana walipimwa tena. Waliofundishwa walijua mambo mengi zaidi kuliko wenzao, na mitazamo waliyoieleza ilikuwa bora zaidi. Kwa kipimo cha mtihani, walimu walifaulu. Lakini damu haikutoa alama zile zile. Hapakuonekana tofauti ya kutegemewa katika UKIMWI, wala katika malengelenge, wala katika magonjwa mengine ya zinaa. Watafiti hawakuridhika. Mwaka 2007 na 2008 walirudi katika jamii zile zile wakapima vijana 13,814 wenye umri wa miaka 15 hadi 30, huenda faida ilihitaji muda. Maarifa yalikuwa bado yapo vichwani, miaka mingi baada ya shule. Maambukizi yalikuwa yale yale pande zote mbili.

Nakumbuka tulivyolizungumza jambo hilo chuoni. Mwanachuo mmoja, kijana mwenye akili na asiyeogopa, aliinuka akauliza: "Mkuu, kama elimu haizuii, sisi tunakwenda kufundisha nini?" Ukumbi ulicheka, lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Nilimwambia kwamba utafiti haukusema elimu haina kazi. Ulisema elimu peke yake haitoshi, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Kisha nikamwomba atazame takwimu za wavulana na wasichana.

Takwimu hizo zinasema peke yake kuliko hotuba. Katika miaka 3 ya ufuatiliaji wa kwanza, wavulana walioambukizwa UKIMWI katika jamii zote 20 walikuwa 5 tu; wasichana walikuwa wengi zaidi kwa mbali. Malengelenge yalikutwa kwa asilimia 11.9 ya wavulana na asilimia 21.1 ya wasichana. Mwaka 2007 na 2008, virusi vya UKIMWI vilikutwa kwa asilimia 1.8 ya wanaume na asilimia 4.0 ya wanawake. Kama wasichana wangekuwa wanaambukizwa na wavulana wa darasa lao, hesabu hizo zisingeachana hivyo. Aliyewaambukiza hakuwa amekaa katika dawati la pili. Alikuwa mtu mzima mwenye fedha ya sabuni, ya daftari, au ya samaki, na huyo hakuwa mwanafunzi wetu. Tulimfundisha binti kusema hapana, tukamrudisha katika kijiji ambamo hapana yake haikuwa na bei.

Utafiti huo ulitufunza jambo jingine ambalo kila mwalimu mkuu angepaswa kulibandika ofisini. Vijana waliulizwa habari zao kwa njia mbalimbali: kwa mdomo, kwa karatasi, kwa mazungumzo marefu. Majibu yalilinganishwa na vipimo. Kati ya wasichana ambao vipimo vilionyesha pasipo shaka kwamba wamekwisha kukutana na mwanamume, chini ya theluthi moja ndio waliokiri kila mara walipoulizwa. Sikusudii kuwaita waongo. Binti anayejua kwamba akikiri atafukuzwa shule au kupigwa nyumbani, anajibu anavyofundishwa na hofu. Lakini fikiria ni programu ngapi zilizotangazwa kuwa zimefaulu kwa sababu vijana waliandika katika fomu yale tuliyotaka kuyasoma. Damu haina hofu ya mwalimu. Ndiyo maana ilibidi itolewe.

Kwa hiyo, yule mzee anayesema hakuletewa jibu, mimi ningemjibu kwamba majibu yalikuwapo, na mengi yalikuwa ya hapana. Mwaka 2008 lilitoka jingine. Wanawake 821 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, wengi wao wahudumu wa baa na nyumba za wageni, wote wenye virusi vya malengelenge lakini wasio na UKIMWI, waligawanywa kwa kura. Nusu walimeza dawa ya kutuliza malengelenge mara mbili kwa siku, nusu wakameza vidonge visivyo na dawa. Walioambukizwa UKIMWI walikuwa 27 upande mmoja na 28 upande wa pili. Wazo lililoonekana zuri kabisa kwenye karatasi likaishia hapo. Wanawake wale walimeza vidonge kila siku kwa mwaka mmoja na zaidi ili nchi nyingine zisitumie fedha zao chache kwa jambo lisilofaa. Sijasikia mtaa uliopewa jina lao.

Jibu la hapana halina sherehe. Hakuna waziri anayekata utepe kwa ajili yake. Lakini mimi, baada ya kuyapima yote, naona kwamba faida kubwa ya kituo kile haikuwa tu ile asilimia 40 ya mwaka 1995. Ilikuwa ni kuwa na mahali, ndani ya nchi yetu, ambapo jambo linaloaminiwa na wengi linaweza kuulizwa kwa haki, na jibu likatolewa hata likiwaudhi waliolipia swali. Waliokuja na Mema kwa Vijana walitamani sana mradi ufaulu; walichapisha kwamba haukupunguza maambukizi. Serikali nayo haikuyatupa masomo yale. Kuanzia mwaka 2004 yalipelekwa katika shule zaidi ya 600, kwa kuwa mtoto anastahili kujua mwili wake hata kama kujua kwenyewe hakutoshi kumlinda.

Deni halisi liko mahali pengine. Makala za matokeo ziliandikwa kwa Kiingereza, katika magazeti ambayo mwalimu wa Magu au wa Geita hakuwahi kuyaona. Najua kwamba mikutano ya kuwaeleza wananchi ilifanywa, na muhtasari ulitolewa. Lakini mkutano wa siku moja husahauliwa mvua ikinyesha. Katika vitabu vya historia vya shule zetu mtoto anajifunza habari za Livingstone na Stanley waliopita kando ya maziwa yetu, na hasomi habari za watu 12,537 waliotoa damu zao hapo hapo wakabadilisha tiba ya zahanati. Hilo ni kosa ambalo watunga mitaala wanaweza kulisahihisha bila msaada wa mfadhili yeyote.

Na tunapotaja wafadhili, kuna jambo linalonikosesha usingizi kidogo. Jaribio la mwaka 1991 hadi 1994 na Mema kwa Vijana yote yalilipiwa kwa sehemu kubwa na fedha za Ulaya. Dawa za kurefusha maisha, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, zimetegemea sana fedha za Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje karibu kwa siku moja, na watu waligundua kliniki zipi zilikuwa zetu na zipi tulikuwa tumeazimwa. Haya yalitokea miezi michache tu baada ya habari njema kuliko zote nilizosikia tangu 1995. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda, wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hakuna hata mmoja. Binti yule wa kijijini, ambaye hapana yake haikuwa na bei, amepata kitu anachoweza kujilinda nacho bila kumwomba mwanamume ruhusa.

Jibu hilo nalo lilipatikana kwa njia ile ile: kura, kulinganisha, sindano, na vijana waliokubali kutoa damu bila kujua mwisho wake. Njia hiyo tuliisaidia kuikanyaga sisi wa kando ya ziwa. Linalobaki ni kama tutakubali kulipia maswali yetu wenyewe, angalau machache, kutoka katika bajeti yetu wenyewe. Shilingi za kukarabati maabara ya mkoa si nyingi zikilinganishwa na za kununua magari ya wakubwa. Nimewahi kuyasema haya katika kikao cha wazazi, na mzee mmoja akaniuliza kama nami naweza kutoa damu tena wakija. Nilimjibu kwamba nitatoa, ila safari hii nitawadai waniandikie matokeo kwa Kiswahili, nami nitayasoma kwa sauti mbele ya kijiji.